Jiji Linapougua, Hesabu Husema Nini?

Ndugu wasikilizaji, tarehe 18 Julai 2013 jiji la Detroit, Marekani, lilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika, likidaiwa takriban dola bilioni 18. Wengi walishtuka. Lakini dalili zilikuwepo kwa miaka mingi. Ila hazikuwa pale tulipozoea kutazama.

Tumezoea kuuliza kama bajeti imesawazishwa, yaani matumizi hayazidi mapato. Swali hilo hudanganyika kirahisi. Kabla ya msukosuko wake wa kifedha wa 1975, jiji la New York ilitakiwa kisheria kusawazisha bajeti yake, na kwenye makaratasi ilifanya hivyo. Kumbe matumizi ya kila siku yalikuwa yakihamishiwa kwenye bajeti ya maendeleo, na mikopo ya muda mfupi ikichukuliwa kwa kutegemea mapato ambayo mengine hayakupatikana kamwe. Wakopeshaji walipogoma ndipo ukweli ukajulikana.

Fedha taslimu zipimwe, ndiyo: je, mishahara ya miezi miwili ijayo ipo? Kipimo hicho kinakuonyesha jiji ambalo tayari limezidiwa. Mimi nahimiza tuyatazame yale yasiyoandikwa kama deni. Hadi mwaka 2014, kanuni za uhasibu za Marekani ziliruhusu sehemu kubwa ya upungufu wa mifuko ya pensheni ibaki nje ya mizania ya jiji, yaani taarifa ya mali na madeni yake. Mzee aliyezoa taka miaka 30 alikuwa anadai, na mizania haikumwona!

Halafu kuna huduma zenyewe. Detroit ilikuwa na watu wapatao milioni 1.85 mwaka 1950. Kufikia 2010 walibaki kama 714,000. Mabomba, barabara na nguzo za taa havikupungua pamoja nao. Jiji lilipofilisika, karibu asilimia 40 ya taa za barabarani zilikuwa haziwaki. Taa isiyotengenezwa hupunguza matumizi ya mwaka huu, kwa hiyo bajeti inapendeza. Kwangu hilo ni deni, ila anayelipa ni mama anayetembea gizani. Kipimo kisichohesabu matengenezo yaliyoahirishwa hakijampima mgonjwa.

Na mtazame tarehe ya ukaguzi. Uingereza, mwaka 2023, mamia ya hesabu za halmashauri zilikuwa zimechelewa kukaguliwa, mwaka uleule ambao halmashauri ya jiji la Birmingham ilisimamisha matumizi yote mapya yasiyo ya lazima. Hesabu zikichelewa miaka miwili, diwani anapiga kura ya bajeti akitazama jiji ambalo halipo tena.