Nyimbo za Kijapani Zinazoanzia na Silabi ya "U"

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu,

Walionisikia mwaka jana na mwaka juzi wanakijua nitakachokisema, na naona wawili watatu pale nyuma wameshaanza kutabasamu. Nitakisema tena, kwa kuwa orodha ninazoletewa hadi leo hazijabadilika. Anayetaka kuzipanga nyimbo za Kijapani na azipange kwa silabi ya kwanza ya jina la wimbo kama Wajapani wenyewe wanavyoitamka; asizipange kwa herufi ya Kilatini, wala kwa tafsiri, wala kwa jina lililobandikwa na muuza santuri. Leo nimechagua silabi moja tu, "u", ili nisituhumiwe tena kwamba nimewachosha watu kwa mifano.

Sisi tulioimba "a, e, i, o, u" darasani tunaitarajia silabi hii mwishoni. Mtoto wa Kijapani huimba "a, i, u, e, o", kwa hiyo kwake "u" ni ya tatu, na katika shairi la kale la Iroha, ambalo hutumia kila silabi mara moja bila kuirudia, ni ya 24 kati ya 47. Zaidi ya hayo, neno lenyewe la Kijapani lenye maana ya wimbo, na pia ya shairi, ni "uta". Mwenye haraka ya kucheka akumbuke kwamba hata "wimbo" wetu ni "u" na "imbo" zilizokutana zikasukumana.

Sasa nije kwenye kisa changu, ambacho sitakifupisha. Mwaka 1961 kijana Kyu Sakamoto aliimba wimbo uitwao "Ue o Muite Arukō", yaani "Tutembee tukitazama juu". Maneno yalikuwa ya Rokusuke Ei na muziki ulikuwa wa Hachidai Nakamura. Anayetembea katika wimbo huo anatazama juu ili machozi yake yasidondoke, naye yuko peke yake usiku. Inasimuliwa kwamba Ei aliyapata maneno hayo akirudi nyumbani kutoka kwenye maandamano ya mwaka 1960 ya kuupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani, maandamano ambayo hayakuuzuia mkataba huo. Basi mnaona uzito wa jina lenyewe: juu, kuelekea, kutembea. Mwimbaji hufungua kinywa kwa "u" ya "ue", na Sakamoto haitamki silabi hiyo kikavu, bali huivuta na kuitikisa kwa pumzi, hata msikilizaji asiyejua neno moja la Kijapani akahisi kwamba kuna mtu anayejizuia kulia.

Mwaka 1963 bendi ya jazi ya Kenny Ball ilipiga muziki wa wimbo huo kule Uingereza bila maneno, na wenye santuri wakaona jina la Kijapani litawashinda wateja kulitamka. Wakauita "Sukiyaki". Sukiyaki, mabibi na mabwana, ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, ikapikwa mezani katika chungu kipana pamoja na mboga na mchuzi wa soya! Jina hilo likavuka bahari pamoja na wimbo, na mwezi wa Juni mwaka huohuo sauti ya Sakamoto mwenyewe, kwa Kijapani kitupu, ikashika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tatu. Ni sawa na taarabu ya mtu aliyeachwa ikauzwe ugenini kwa jina la Mchuzi wa Nazi, kisha wenye taarabu wapigiwe makofi wafurahi.

Najua atasimama mtu aseme kwamba jina hilo ndilo lililouuza wimbo. Huenda. Mimi sina ugomvi na duka. Ugomvi wangu ni na orodha. Duka likishafungwa, orodha inabaki, na mwanafunzi anayeutafuta wimbo huu anaukuta chini ya "su", miongoni mwa majina ambayo haukuzaliwa nayo, ilhali kinywa cha mwimbaji kinaanza na "u". Mwingine ataniambia kwamba kupanga majina ni kazi ya karani, haimhusu mtu wa fasihi. Huyo nampeleka kwenye mchezo wa Kijapani wa karata za mashairi mia. Msomaji hughani shairi tangu mwanzo, na wachezaji wawili wana mbele yao kadi zenye nusu ya pili tu ya kila shairi. Anayewahi kuigusa kadi sahihi ndiye mwenye kuipata. Mashairi hayo hayana majina, hujulikana kwa silabi zake za mwanzo. Saba kati yake huanza kwa silabi ambazo shairi jingine lolote katika mia hiyo halianzi nazo, yaani mu, su, me, fu, sa, ho na se, na mchezaji hodari hurusha mkono mara asikiapo sauti hiyo moja. Ya "u" ni mawili, kwa hiyo mkono hungoja nukta ndogo hadi ijulikane kama ni "ura" au "uka". Nani atawaambia watu hao kwamba silabi ya kwanza ni kazi ya karani?

Nilitaka kusema mengi kuhusu mizani, maana hapo ndipo sisi na wao tunapoelewana bila mkalimani, lakini muda ni huo mnaouona. Chukueni "Usagi to Kame", wimbo wa watoto wa mwaka 1901 kuhusu sungura na kobe walioshindana mbio. Mstari wake wa kwanza ni "Moshi moshi kame yo, kamesan yo", nao una mizani saba kisha tano. Hesabuni kipande cha pili: ka, me, sa, n, yo. Ile "n" inahesabiwa peke yake, kama mshairi wetu anavyoihesabu "m" ya "mtu" na "n" ya "nchi". Tofauti ni kwamba kwetu sauti hiyo hufungua neno, na katika Kijapani sanifu haifungui. Ndiyo maana katika mchezo wao wa kuunganisha maneno, atakayetaja neno linaloishia na "n" ameshindwa palepale, kwa kuwa mwenzake hana pa kuanzia.

Herufi za Kilatini nazo zinadanganya. Mwaka 1977 wasichana wawili wa Pink Lady walitoa wimbo ulioandikwa "UFO". Kila orodha ninayoletewa imeuweka kwenye "u". Wajapani hulisoma jina hilo kama neno moja, "yūfō", na mahali pake ni kwenye "yu", karibu na mwisho wa jedwali lao la silabi. Nimelisema hili mara ngapi?

"Umi Yukaba" wa mwaka 1937, wenye maneno ya karne ya 8 na historia chungu ya vita, unahitaji mhadhara wake. Na "Usseewa" wa mwaka 2020, ambao vijana hapa wanaujua kuliko mimi, nauruka.

Nimalizie na jina fupi kuliko yote niliyokuja nayo, "Umi", yaani bahari. Nyimbo za shule zenye jina hilo ni mbili, mmoja wa mwaka 1913 na mwingine wa mwaka 1941, na kwa kanuni yangu zinakaa rafu moja, zikigusana. Mwenyekiti aliniuliza tulipokuwa tukinywa chai kama hapo kanuni haijavunjika. Haijavunjika. Wa mwaka 1941 unaanza kwa neno "umi" lenyewe, na wa mwaka 1913 unaanza kwa "matsubara", msitu wa misonobari. Kwa hiyo anayekuja kuomba "Umi" ataulizwa ni upi, na hapo itambidi auimbe kidogo.