Tairi la Akiba Likae Wapi? Mhadhara kwa Madereva na Mafundi wa Magari ya Safari

(Umetolewa Arusha, mbele ya madereva waongoza wageni na mafundi wa bodi)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja kabla msimu wa wageni haujachanganya, maana ukishachanganya hakuna wa kumpata mjini.

Nimeombwa nizungumzie mahali pa kufunga tairi la akiba, yaani spea, jambo ambalo karakana nyingi hulimaliza kwa dakika mbili. Gari linatoka kwa fundi wa bodi, viti vimefungwa, paa limekaa sawa, friji imeingia, ndipo mtu anauliza, "Na spea tuiweke wapi?" Inafungwa palipobaki nafasi. Mimi napinga utaratibu huo kwa nguvu zangu zote. Mahali pa spea pachaguliwe mapema, na pachaguliwe kwa kuifikiria siku itakayoshushwa. Siku hiyo dereva yuko peke yake. Gari lina wageni na mizigo yao, limelala upande mmoja, na ardhi huenda ni tope jeusi la mbuga. Hapo ndipo maswali yanapotakiwa kuulizwa: nitaifikia? Nitaibeba bila kuumia mgongo? Na lile lenye pancha nitalirudisha mahali pake?

Tuanze na uzito, kwa sababu ndio unaotawala mambo yote. Tairi la saizi ya 7.50R16 likiwa kwenye rimu ya chuma, hili tulilolizoea kwenye Land Cruiser, lina kilo kati ya 35 na 40. Leo nitapiga hesabu kwa 40. Ni uzito ambao kijana mwenye nguvu anauinua hadi kifuani bila shida kubwa. Kuuinua juu ya kichwa, au kuuvuta ukiwa umelala kifudifudi, ni habari nyingine.

Sasa twende juu, kwenye keria ya paani. Watu wengi wanaogopa keria kwa sababu ya gari kupinduka, na hofu hiyo ina msingi, lakini tuipime. Chukulia gari la kilo 2,500 ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 80 kutoka ardhini. Weka tairi moja la kilo 40 kwenye keria, mita 2.1 juu. Kitovu kinapanda kwa takribani sentimita 2 tu. Kumbe tairi moja peke yake si muuaji. Lakini nani anapandisha tairi moja peke yake? Likishafika juu linafuatwa na la pili, madebe ya mafuta, mahema, mifuko ya mkaa, mpaka unapata kilo 250. Piga tena hesabu ile ile: kitovu kimepanda karibu sentimita 12. Gari hilo kwenye mteremko wa pembeni, au dereva akikata kona ghafla kumkwepa mnyama, si lile ulilolizoea. Mimi naiona keria kuwa mahali pa vitu vyepesi vyenye ukubwa, kama magodoro na mahema, basi.

Lakini sababu inayonifanya niikatae keria zaidi ni kushusha. Dereva anapanda juu, anafungua kamba, kisha? Ama analitupa tairi chini, likidunda linaweza kubingirika hadi kwenye korongo au kumvunja mtu mguu, ama analishusha kwa mikono huku amesimama kwenye bampa lenye tope. Kulirudisha ni kazi ya watu wawili. Na kwa magari yetu ya hapa Arusha mjadala wenyewe ni mfupi: paa linafunguka ili wageni wasimame kutazama wanyama. Utaiweka wapi spea? Ukiibana kwenye kipande cha nyuma kisichofunguka, umepeleka uzito juu na nyuma kwa pamoja.

Chini ya gari sasa. Hilux na pikapu nyingi zinatoka kiwandani hivyo: tairi limelazwa chini ya bodi, nyuma ya ekseli, limeshikwa na mnyororo wa winchi ndogo, na unaliteremsha kwa kuzungusha fimbo inayopita kwenye tundu juu ya bampa. Kwa gari la mjini na barabara ya lami ni mpango mzuri kabisa. Uzito uko chini, nafasi ya mizigo ni yako yote, jua halilifikii tairi. Sina ugomvi na waliobuni.

Porini ndiko linakoleta shida. Kwanza, tairi hilo limepunguza nafasi kati ya ardhi na tumbo la nyuma la gari. Ukitoka kwenye korongo, ndilo linalogusa ukingo. Ukikwama, linajikita kwenye tope na kukushikilia. Pili, ile winchi ndogo inakaa kwenye vumbi na maji mwaka mzima bila mtu kuitia grisi, na siku unayoihitaji imeshika kutu, fimbo inazunguka na mnyororo haushuki. Tatu, na hili wengi hawalifikirii mpaka liwakute: pancha ya tairi la nyuma inalishusha gari lote upande huo. Nafasi ya kulitoa tairi la akiba imekwisha. Inabidi upige jeki kwanza, kwenye udongo laini, halafu uingize mikono na kichwa chini ya gari lililosimama juu ya jeki. Dereva mwenzangu, usiingie hapo. Kama gari lako bado lina tairi chini, weka kwanza ubao mpana chini ya jeki na mawe kwenye magurudumu mengine, na lile tairi livute kwa kamba au kwa jembe ukiwa nje.

Kuhusu boneti nitapita haraka. Wazee mnazikumbuka Land Rover za zamani zenye tairi mbele ya macho ya dereva. Kwa kubeba, pale ni kimo kizuri, na uzito unakwenda kwenye ekseli ya mbele. Lakini kila ukitaka kupima oili unainua boneti na kilo 40 juu yake, na ukipanda kilima kikali huoni kilicho upande wa pili. Kwa dereva mwenye wageni, kutoona ni dhambi kubwa.

Tufike nyuma, ambako magari mengi yaliyopo hapa nje yamebeba spea zake, na ndiko ninakotaka tukae.

Nyuma ni pazuri kwa kimo. Tairi liko usawa wa tumbo hadi kifua, unalikumbatia, unarudi hatua moja, unaliweka chini. Hupandi, hulali. Tatizo ni kile lilichofungiwa. Tairi likifungwa kwenye mlango, kilo 40 zote zinaning'inia kwenye bawaba, na mlango wenyewe ni bati jembamba lenye fremu ndogo ndani. Likiwa limesimama uwanjani hakuna linaloonekana. Lipeleke sasa kipande cha kutoka Ngorongoro kupita Olduvai kwenda Naabi, lango la Serengeti, barabara ile yenye mikunjo kama bati la migongo. Kila mkunjo ni pigo, na kila pigo linaufanya ule uzito wa 40 uvute kwa muda mfupi kama wa mara mbili au tatu yake. Chuma hakivunjiki kwa pigo moja. Kinachoka. Kwanza rangi inapasuka mstari mwembamba kama unywele kwenye kona ya bawaba, halafu vumbi linaanza kuingia ndani kwa sababu mlango umelala, halafu lachi haikamati. Land Rover Defender zinajulikana dunia nzima kwa milango ya nyuma kupasuka kwa sababu hii. Mafundi, mkiona ule mstari wa rangi, msichomelee kipande cha bati juu yake mkarudisha tairi pale pale. Mmehamisha ufa tu, utatokea pembeni ya mlipochomelea.

Dawa ni mkono wa kujitegemea. Mkono wa chuma unaoshikwa na ekseli fupi ya kusimama iliyofungwa kwenye chesisi au kwenye bampa zito lililofungwa kwenye chesisi, si kwenye bodi. Mlango unabaki mwepesi kama ulivyotoka kiwandani. Unafungua mkono kwanza, halafu mlango.

Mkono nao una sheria zake, na hapa nawasihi mafundi mnisikilize. Ile ekseli ya kusimama iwe na beringi na sehemu ya kupigia grisi, si bomba ndani ya bomba. Upande wa pili mkono ukae juu ya kitu, yaani uwe na kiti cha chuma chenye mteremko mdogo, ili ukifungwa uzito ubebwe pande zote mbili. Ukiacha lachi peke yake ibebe, itaanza kugonga ndani ya wiki. Na uwe na pini ya kuuzuia ukiwa wazi. Fikiria gari limesimama kwenye mteremko, unafungua lachi, kilo 40 za tairi na uzito wa mkono wenyewe vinakuja kwa kasi kuelekea kwako au kwa mgeni aliyesogea kupiga picha. Pini ya shilingi chache inazuia mfupa kuvunjika.

Tairi lifungwe kwenye bamba la mkono kwa nati 3, lisigusane chuma kwa chuma tu bali uso wa mpira ubanwe kidogo na mhimili wa mkono ili lisitetemeke. Kaza, nenda kipande cha barabara mbaya, simama, kaza tena. Na hakikisheni bamba linaoana na rimu: Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia mwaka 1999 zina boliti 5 kwa kila gurudumu, Cruiser za aina hiyo zilizotangulia, kama 75, zina 6. Nimeona gari limebeba spea ya boliti 6 wakati magurudumu yake yote yana 5. Hiyo si spea, ni mzigo.

Sasa bei ya kuweka nyuma. Gari lenye mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, weka kilo 40 mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haipati 40, inapata 56, na zile 16 za ziada zimenyanyuliwa kutoka mbele. Ukibeba spea mbili nyuma, ni 112 nyuma, na mbele pamepungukiwa 32. Ndiyo maana dereva analalamika usukani umekuwa mwepesi na springi za nyuma zimelala, kisha anabadilisha shokapu ambazo hazina kosa. Kwa hiyo ukiweka mkono wenye matairi mawili, springi za nyuma ziimarishwe kwanza.

Kwa wenye pikapu, kama Cruiser 79, ushauri wangu ni tofauti. Ondoeni tairi chini, lisimamisheni ndani ya bodi, nyuma ya kabini, lifungwe kwenye fremu kwa boliti na ukanda. Pale liko nusu mita mbele ya ekseli ya nyuma, hivyo kati ya kilo 40, nyuma zinakwenda kama 33 na mbele 7. Mnapoteza nafasi kidogo ya mizigo, na mnapata gari linalokaa sawa. Hata magari ya mbio za Baja 1000 kule Meksiko, mbio zilizoanza mwaka 1967, huyafunga matairi ya akiba nyuma ya kabini, kwenye fremu yenyewe, kwa ukanda unaofunguka upesi. Watu wale wanahesabu sekunde, na hawakupeleka tairi juu ya paa.

(Swali kutoka kwa dereva kijana: je, spea ya pili ni lazima?)

Inategemea unakwenda wapi. Ukizunguka Tarangire na magari mengine yamejaa, moja inatosha. Ukipita Engaruka kwenda Ziwa Natron, kwenye mawe yale makali ya volkano, beba mbili. Lakini si lazima zote ziwe na rimu. Ya pili inaweza kuwa tairi tupu lenye tyubu mbili, vyuma vya kubandulia, viraka na pampu. Limekuwa jepesi, na hilo ndilo tairi pekee ninalolikubali kwenye keria, mradi unajua kulivalisha. Ukiwa na rimu za ringi, yaani zile ambazo tairi linashikiliwa na ringi ya chuma inayotoka, jifunze kwa fundi kwanza namna ya kuijaza upepo ringi ikiwa imefungwa kwa mnyororo na wewe ukiwa pembeni. Ringi ikiruka inaua.

(Swali jingine: ndani ya hifadhi, wanyama wakiwa karibu?)

Swali zuri. Serengeti hairuhusiwi kushuka ovyo, na pancha haichagui mahali. Ukiwa karibu na simba, usishuke. Toa taarifa kwa redio, jikongoje polepole hadi sehemu ya wazi yenye majani mafupi, hata kama tairi litaharibika; tairi linanunuliwa. Gari jingine likija, lisimame upande wenye majani marefu, na mtu wake awe anaangalia nje muda wote, si kukuangalia wewe. Hapo utajua thamani ya spea unayoifungua ukiwa umesimama, macho yako yakiona huku na huku, kuliko ile inayokulaza kifudifudi chini ya gari.

Mwisho kuna jua. Spea iliyofungwa nyuma inachomwa mwaka mzima bila kutembea. Angalieni tarakimu 4 za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Livikeni kifuniko, na kila mnapozungusha matairi, spea nayo iingie kwenye mzunguko. Upepo wake upimwe pamoja na mengine, na valvu itazame nje ili isihitaji kufungua chochote kuifikia.

Sasa tutoke. Pale uwanjani kuna Cruiser mbili, moja ina tairi mlangoni na nyingine ina mkono. Nataka kila mmoja ashushe na kurudisha kwenye zote mbili, na mafundi waje na tochi tuzikague bawaba.