Punguzo la ufa

ZUU: Haya wapendwa tumerudi. Kado kaunta yake ya jikoni imefika, kwa hiyo wiki hii nyumba nzima haipikiki.

KADO: Imefika wapi dada? Jumanne naenda kuchukua slabu ya granaiti, fundi kabla hajawasha grenda ananiambia bosi kuna ufa hapa. Nikasema basi punguza bei. Kagoma!

ZUU: Ukanitumia picha usiku wa manane. Sasa sikiliza, ile feldspa, yale madini ya pinki, ndo imepasuka, slabu iko salama. Na mpasuko umejaa kwatzi, yale madini ya kijivu, ileile iliyoizunguka feldspa, halafu unaishia ukingoni mwa fuwele, yaani punje hiyo ya feldspa, nje hauendelei. Ilivunjika magma, yaani mwamba ulioyeyuka, haijamaliza kuganda, uji uliobaki ukapenya ukagandia humohumo.

KADO: Kwa hiyo lina ufa.

ZUU: Lilikuwa nao kabla halijawa jiwe!

KADO: Punguzo langu liko palepale.

ZUU: Mungu wangu. Haya, mwanzoni fuwele ni chache, zinaelea tu, magma ikisogea zinageuka na kulala upande mmoja bila hata moja kupinda. Zikiongezeka ni kama daladala ya asubuhi, konda akisukuma mlangoni mtu wa siti ya nyuma anaguna. Zinagusana, msukumo unapita toka fuwele hadi fuwele, na hapo ndo zinavunjika. Jiwe likishaganda lote ni mambo mengine, kwatzi inanyooka kama utepe na feldspa inasagika kingoni.

KADO: Nani sasa alisukuma?

ZUU: Ukoko wa dunia ulikuwa unabanwa.

KADO: Hapo sikubali hata kidogo. Magma yenyewe inapanda, inajibana kwenye kuta zake, fuwele zinavunjana zenyewe kwa zenyewe. We kaufa kamoja tu unaniletea milima inagongana?

ZUU: Siyo kamoja, fuwele za feldspa zote zimelala upande mmoja. Na ukikata kipande cha unene wa milimita 0.03...

KADO: Slabu yangu haikatwi!

ZUU: ...ukakiweka kwenye hadubini, kwatzi inaweza kuonyesha miraba, wataalamu wanaiita ubao wa chesi. Hiyo inatokea kwenye joto kali, juu ya nyuzi 600 hivi, na granaiti inamaliza kuganda humohumo karibu na 650.

KADO: Humohumo siyo kabla. Jiwe lishaganda na bado lina moto, likabanwa, miraba hiyohiyo utaipata. Miraba haikwambii kama uji ulikuwepo.

ZUU: Ndo maana nautaka na ufa! Viwili pamoja.

KADO: Ufa unasema uji ulikuwepo, sawa, nani alisukuma hausemi.

ZUU: Ukipima mwelekeo eneo zima, na miamba ya jirani nayo imelala hivyohivyo?

KADO: Umepima?

ZUU: Kwenye slabu ya jikoni nitapima nini, Kado!

KADO: Basi.

ZUU: Basi nini, sijakubali.

KADO: Wala mimi.

ZUU: Prodyuza ananyoosha kidole, dakika moja. Tulipanga mambo matatu ya kuangalia ukienda pale jiwe la Bismarck, Mwanza, hatujagusa hata...

KADO: Tulikuwa kwenye punguzo.

ZUU: Yatakuja siku nyingine. Na nyie wa Capri Point hapo Mwanza, angalieni kwa macho tu, msianze kugonga mawe ya watu kwa nyundo.