Wewe Mtoto wa Nani?

Assalaam alaykum, na wale wengine habari za jioni. Wazee wangu, shikamooni.

Filamu imekwisha, taa zimewashwa, na kutoka hapa nawaona akina mama wa mstari wa mbele wakijifuta macho kwa pembe za khanga. Hao hao ndio waliopiga mayowe kuliko watoto pale ruba walipowaganda wale vijana kwenye dimbwi. Nimepewa nusu saa. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nusu saa kwangu ni salamu tu, kwa hiyo kijana wa mitambo anivumilie.

Kwa mliofika filamu imeshakata mbuga, kisa chenyewe ni hiki. Filamu inaitwa Stand by Me, ilitoka Marekani mwaka 1986, ikaongozwa na Rob Reiner kutoka hadithi ya Stephen King. Wavulana wanne wa miaka 12 wanaishi Castle Rock, kimji cha kubuni kilichowekwa katika jimbo la Oregon. Ni mwaka 1959, likizo inaishia. Wanapata fununu kwamba mtoto wa rika lao aliyepotea amegongwa na treni na maiti yake ingali porini. Wanawadanganya wazazi, wanaifuata reli siku mbili ili waione na wapate sifa. Basi. Ukiniuliza nini kinatokea humo ndani, ni kutembea na kupiga soga.

Reli sisi hatuhitaji kuelezwa. Ya kwanza kabisa Tanzania Bara ilianza kujengwa hapa hapa Tanga, mwaka 1893. Hakuna mtoto wa rika langu aliyekulia Ngamiani, mtaa wetu wa barabara za namba, ambaye hakuhesabu mataruma kuelekea Pongwe. Tulikuwa tunalaza sikio juu ya chuma kusikiliza kama gari linakuja, tunapanga vizibo vya soda, halafu tunajificha majanini. Treni ikishapita, vizibo vimekuwa bapa kama sarafu, na vina moto. Ukikishika kabla hakijapoa unaunguza vidole, na hakuna aliyengoja kipoe. Kwa hiyo nilipoiona filamu hii mara ya kwanza sikuona Marekani. Niliwaona wenzangu.

Sasa nirudi kwenye swali ambalo sisi sote tumelelewa nalo: wewe mtoto wa nani? Ukitumwa dukani unaulizwa. Ukipita kwenye baraza wazee wanacheza bao, unaulizwa. Nisieleweke vibaya, ni swali zuri, limetulinda. Mtoto akipotea Ngamiani alirudishwa kwao kwa jina la babu yake, barabara ya ngapi ilikuja baadaye. Lakini jibu lina bei. Taja jina la karani wa reli, kama mimi, mwenye duka anakuongezea peremende. Taja jina lingine, anaisogeza ndani ile chupa ya peremende. Anafanya taratibu, bila kusema neno, na mtoto ameona.

Mmemwona Gordie, yule mwembamba mwenye kutunga hadithi, alipoingia dukani kununua chakula cha safari. Mwenye duka anamkazia macho: wewe si mdogo wake Denny? Denny alikuwa nyota wa mpira, amekufa kwa ajali ya gari miezi michache tu nyuma. Je, na wewe unacheza mpira? Hachezi. Sasa wewe unafanya nini? Mtoto anasema hajui. Huyo mtoto anatunga hadithi za kukesha nazo watu, na bado anasema hajui, kwa sababu hajawahi kuulizwa na mtu aliyetaka jibu. Nyumbani kwao anatafuta chupa ya maji ya safari, anamuuliza mama, mama hasikii. Chumba cha marehemu kimeachwa kama alivyokiacha. Baba anamkuta humo na anachopata kumwambia ni kwamba marafiki zake ni mwizi na mapunguani, kwa nini asiwe na marafiki kama wa kaka yake.

Nyumba yenye msiba tunaijua. Lakini kwetu msiba una watu: matanga, majirani, mkeka nje, watani wanaokuja na vituko vyao hadi mfiwa anacheka asipende. Kwa akina Gordie sioni mtu aliyekaa kwenye mkeka. Wazazi wamezama kila mmoja peke yake na mtoto aliye hai amebaki kama kivuli ukutani. Huo ni upungufu wa kule, ingawa na sisi nisitusifu sana: sisi tunakaa siku tatu, tunakula pilau, na baada ya hapo hatumuulizi mdogo wa marehemu chochote.

Vern nampitia haraka. Ni mnene, mwoga, ametaniwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mtaa unaye. Ninayetaka kukaa naye ni Teddy, wa miwani.

Teddy sikio lake limeharibika. Baba yake, kwa hasira, alilibana juu ya jiko la moto hadi likakaribia kuteketea. Baba huyo yuko hospitali ya vichaa. Ungetarajia mtoto amchukie. Teddy anamwabudu. Baba alipigana Vita Kuu ya Pili, alikuwa ufukweni Normandy kule Ufaransa, na Teddy kutwa anaishi kama askari: anasimama katikati ya reli akingoja treni imfikie ili aruke dakika ya mwisho, mpaka Chris, mwenzao wa nne, anamvuta kwa nguvu. Mnakumbuka na yule mzee mwenye jalala la vyuma chakavu. Wavulana wako upande wa pili wa uzio, wanamcheka yeye na mbwa wake. Mzee anamtambua Teddy ni mtoto wa nani. Anamwambia baba yako kichaa. Mtoto anaparamia uzio kutaka kumuua.

Sasa angalieni kitu ambacho mimi nilikiona mara ya tatu. Njia nzima wale watoto wanatukanana. Wazee, nimewaona mkitikisa vichwa, na mna haki. Hata Marekani wenyewe filamu iliwekwa kwenye daraja ambalo mtoto wa umri wa wale waliocheza hakuruhusiwa kuingia bila mtu mzima. Wanatukaniana mama zao asubuhi, mchana na usiku. Hakuna anayelia. Halafu mtu mzima mmoja anatamka neno moja, tena neno ambalo kwa kweli lina ukweli ndani yake, na mtoto anavunjika, machozi yanamtoka.

Sisi watu wa utani hili tunalielewa kuliko walioitengeneza filamu. Mtani akikuita mwizi kwenye msiba wa shangazi yako, unamrushia mia mbili na mnacheka. Tusi la rafiki halina nia ya kukaa. Anakurushia, unamrudishia, kesho limesahaulika. Jina la mtu mzima halirudishiki. Mtoto wa miaka 12 hana pa kulitupa, anakwenda nalo.

Na hapo ndipo namleta Chris, anayechezwa na River Phoenix. Ukoo wao mji mzima unajua ni ukoo wa walevi na wahuni. Kaka yake yumo kwenye genge la yule Ace, kinara wa vijana wakubwa wahuni, na Ace anapomkandamiza Chris chini na kumsogezea sigara jichoni, huyo kaka yupo pale pale. Usiku porini Chris anamweleza Gordie habari ya fedha za maziwa. Shuleni zilipotea fedha za watoto, na kila mtu akajua ni yeye. Kweli alizichukua. Wala hakuzikana. Lakini alijuta, akazipeleka zote kwa mwalimu wake, mkononi. Akafukuzwa siku tatu hata hivyo, fedha hazikuonekana tena, na wiki iliyofuata mwalimu yule alikuja na sketi mpya.

Nimefundisha miaka mingi na sketi ile inaninyima raha. Mwalimu yule hakuhitaji kuwa jambazi. Alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba mtoto huyu akisema, hakuna atakayemsadiki. Chris mwenyewe anauliza, je, ingekuwa mtoto wa wale wenye nacho wa mlimani, mwalimu angethubutu? Tazameni analia nini. Haililii ile adhabu. Anachosema akilia ni kwamba anataka aende mahali ambapo hakuna anayemjua. Yaani mahali ambapo hakuna wa kumuuliza wewe mtoto wa nani.

Kuna jambo lingine linalopita upesi kwenye mazungumzo yao na vijana pengine hamkulidaka. Wanapoanza shule ya juu, Gordie atawekwa kwenye masomo ya kuelekea chuo, na wale watatu kwenye masomo ya ufundi wa mikono. Chris anajua hilo na anamwambia rafiki yake asijiangushe ili abaki nao. Sisi wa zamani tulikuwa na karatasi inayobandikwa ukutani baada ya mtihani wa darasa la saba. Waliochaguliwa walikuwa wachache, mnasimama wote mbele ya ukuta mnatafuta majina kwa kidole. Asubuhi mlikuwa timu moja. Mchana mmeshakuwa aina mbili za watu. Hakuna aliyegombana na mwenzake, ni kwamba tu mazungumzo yaliisha.

Niseme langu, kwa kuwa nimesema ya watu kutwa.

Nilikuwa na mwenzangu, jina nalihifadhi. Baba yake alikuja Tanga kama manamba, akikata mkonge. Kaka yake mkubwa aliwahi kukamatwa na gunia la nazi za watu. Kutoka siku ile nyumba yao ikawa kwa wezi wa nazi, hata mama yao akipita na kapu lake la mboga walikuwa wanamwita hivyo hivyo kwa sauti ya chini. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani. Jioni moja umeme ukakatika, tukaruhusiwa mapema, tukatoka mimi na yeye bega kwa bega tukipapasa viatu mlangoni gizani. Kulikuwa na mgeni kutoka Pemba siku ile, na makubadhi yake mapya.

Nilivaa yale makubadhi. Gizani, kwa makosa. Lakini nilipofika kona nilishajua. Ngozi mpya ina harufu yake na inalia kwa namna yake, na yalikuwa yananipwaya. Nikajiambia nitayarudisha asubuhi. Nilipenda mlio wake.

Asubuhi nilikuta mwenzangu ameshachapwa. Hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Hakuna aliyeuliza mtu yeyote kitu, walikwenda moja kwa moja kwa akina wezi wa nazi, kama maji yanavyojua mkondo. Akalala kifudifudi akapigwa bakora, na neno lake lilikuwa moja, sikuchukua. Mimi mtoto wa karani nilikuwa nimesimama pale nimevaa kandambili. Usiku nikayatumbukiza chooni.

Kwenye filamu Gordie mtu mzima anasoma gazetini kwamba Chris, ambaye alikaza akasoma hadi akawa wakili, amechomwa kisu akiamua ugomvi wa watu asiowajua. Walikuwa hawajaonana zaidi ya miaka kumi. Mimi wangu yu hai. Jina lake halikuwa kwenye ile karatasi ya ukutani, langu lilikuwepo. Miaka mingi baadaye, mimi nina mvi, tulikutana Ijumaa, tunatoka msikitini, watu wamesongamana mlangoni kila mmoja anatafuta viatu vyake. Tukakumbatiana. Akaniuliza watoto, nikamuuliza watoto. Kisha akainama kidogo, akanitazama miguuni, akacheka.

"Leo umevaa vyako?"

Sikumjibu. Mwenye swali anyooshe mkono, kipaza sauti kipo kwa yule kijana wa shati la kijani.