Mashine ya Kunyonyolea Kuku: Utengeneze au Ununue?

Habari zenu, ndugu zangu wafugaji. Hapa mbele yangu kuna mashine mbili za kunyonyolea kuku. Ile inayong'aa ni ya dukani. Hii ya pipa la bluu tumeiunda wenyewe, mimi na fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani. Twende nayo hatua kwa hatua.

Anza na vidole vya mpira, vile vinavyotokeza ndani ya pipa na kung'oa manyoya, na hivi nunua. Usibane hela hapa. Mimi nilianza kwa kukata tairi, kuku wa kwanza akatoka ngozi ya kifua imechanika, maana tairi ni gumu na ndani yake mna nyuzi na waya. Sogea uone hiki cha dukani: laini, kina mikunjo, na shingoni kina mfereji. Tundu la pipa lilingane na mfereji huo. Vingi vinataka milimita 19 hivi, lakini pima vya kwako kabla ya kushika drili. Paka sabuni ya maji, pitisha ncha kutokea nje, kisha uvute kwa ndani mpaka mfereji ukae tap!

Sasa sahani ya chini, ile inayozunguka. Nayo ina vidole vyake. Kati yake na ukuta wa pipa acha sentimita 2, manyoya na maji yapate kushuka. Ukizidisha, mguu wa kuku unaingia pale na kuvunjika.

Mwendo. Mota ya kawaida huzunguka kama mara 1,400 kwa dakika. Ukiifunga moja kwa moja kwenye sahani, kuku anapondeka. Weka puli (gurudumu la mkanda) ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 12 kwenye shafti, yaani chuma kinachozungusha sahani. Sahani itazunguka kama mara 230. Nyaya mwachie fundi umeme: fremu ifungwe ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), swichi ikae mbali na maji. Tafadhali sana, hapa kuna maji na umeme pamoja.

Haya, maji ya moto, maana hata mashine ya bei kubwa haiokoi kuku aliyelowekwa vibaya. Tunataka nyuzi 60 hadi 65. Huna kipimajoto? Ndoo moja ya maji yanayochemka kwa ndoo moja ya maji ya bomba, Dar es Salaam inakupeleka hapo hapo. Nairobi maji huchemkia kwenye nyuzi 94 hivi, na ya bomba ni ya baridi zaidi, kwa hiyo ongeza ya moto kidogo. Kuku awe amekufa kabisa na damu imeisha. Mshike miguu, mzamishe, mchezeshe juu na chini ili maji yafike kwenye ngozi. Broila dakika moja inamtosha. Jogoo wa kienyeji anataka zaidi. Vuta unyoya mkubwa wa bawa. Umetoka bila kubisha? Mtoe haraka, ngozi isije ikaiva.

Washa mashine, tumbukiza kuku wawili, mwagilia kwa mpira wa maji. Sekunde 20... 25... zima. Chomoa plagi, ndipo uingize mkono.

Mnaochinja kuku wachache wikendi, pipa hili linawatosha. Mnaopeleka hotelini kila siku, nunueni ya chuma kisichoshika kutu, maana plastiki ikikwaruzika uchafu hujificha kwenye mikwaruzo. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, na uulize kama anauza vidole vya akiba.