Omena za Usiku wa Kuamkia Jumanne

Hamjambo. Asanteni kwa kuja na jua hili la Kisumu. Feni tuliyo nayo ni moja, nimewaelekezea ninyi wa nyuma. Nimeombwa nizungumze juu ya testi, vile vijiprogramu vinavyokagua programu yetu, zinazopita kwenye edita tunapoandikia na kuanguka kwenye bildi, yaani pale seva inapoijenga na kuikagua upya. Sidhani kuna mwanaprogramu humu ambaye hajawahi kusema, "Lakini kwangu inafanya kazi." Mimi nimeisema mara nyingi, tena kwa sauti ya juu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandikia kikundi cha wauza omena, dagaa wa ziwa letu, programu ndogo ya mizani. Mashua ikifika ufuoni mzigo unapimwa, kilo zinaingizwa, asubuhi watu wanalipwa. Omena, mnajua, huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa giza ndio wenye mavuno; mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mizani yangu ilikuwa na shughuli saa ambazo programu nyingi za ofisini zimelala.

Testi yenyewe ilikuwa rahisi. Mzigo wa kilo 40 umepimwa Jumanne saa nane usiku. Programu iseme ni wa Jumanne. Nabonyeza kitufe kwenye edita: kijani, imepita. Napeleka msimbo wa programu kwenye seva ya bildi: nyekundu, imeanguka, eti Jumatatu. Narudi kwenye laptopu: kijani. Siku nzima nikaimaliza nikiilaumu seva, na seva haikuwa na kosa lolote.

Programu ilikuwa inaiuliza mashine tarehe bila kuitajia ni tarehe ya wapi. Laptopu yangu ilijibu kwa saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa saa 3. Seva, kama seva nyingi, ilikuwa imeachwa kwenye UTC. Saa nane usiku ya Kisumu, kwa UTC ni saa tano usiku, na huko Jumatatu haijaisha. Kenya haisogezi saa kwa majira, kwa hiyo mwaka mzima lolote linalotokea kati ya saa sita na saa tisa usiku lina tarehe mbili. Ningekuwa nimeandikia duka la nguo, kosa hilo lingejificha hadi leo.

Tangu siku ile, testi zikitofautiana hivi siulizi tena nani anasema kweli. Nauliza: testi yangu imeazima nini kwenye hii laptopu? Maana edita ni mwenyeji mkarimu kupita kiasi. Inakupa vitu ambavyo hukuomba, na haikuambii kwamba imekupa.

Mfano mwingine ni wa hapa hapa kwetu. Chukueni jina Sang’oro. Ukiliandika kwenye programu ya barua, kile kibainishi cha ng’ mara nyingi hugeuzwa kuwa alama iliyopinda. Kwenye faili la UTF-8, mtindo mmoja wa kuhifadhi herufi kama baiti, alama hiyo moja huchukua baiti 3. Mashine ya Windows inayosoma kwa mtindo wake wa zamani huziona baiti hizo kama herufi 3, na jina linatoka Sangâ€™oro. Testi inasubiri herufi 8, inapewa 10. Kwenye edita sikuliona hilo kamwe, kwa sababu edita ilikuwa ikiiwasha Java, lugha ya programu yangu, na kuinong’oneza isome UTF-8. Bildi haikuwa na wa kuinong’oneza. Java yenyewe iliifanya UTF-8 kuwa chaguo lake la kawaida kuanzia toleo la 18, mwaka 2022. Walio kwenye matoleo ya nyuma, hili bado ni lenu. Waingereza wenye alfabeti isiyo na ng’ hawalali macho kwa ajili yake, basi tuandike sisi testi zenye majina yetu.

Mengine nayataja kwa kupita. Faili uliloliita Bei.csv na kuliomba kama bei.csv hupatikana kwenye Windows, na kwenye Linux halipo. Folda ambamo edita huanzia kazi si lazima iwe ile ya bildi. Halafu kuna testi inayopita kwa sababu testi nyingine imetangulia kuiandalia meza. Mpangilio ukibadilika, inalala njaa.

Dawa yangu ni ya kivivu. Kabla ya kupeleka msimbo, naiacha edita, nafungua terminali na kuandika amri ile ile inayotumiwa na seva, nikitanguliza TZ=UTC, ili laptopu ihesabu saa kama seva. Nyekundu ikitokea, itokee mbele yangu. Na ndani ya programu naandika Africa/Nairobi, jina la saa zetu kwenye kompyuta, waziwazi, nisiibahatishie mashine.

Nilifanya hivyo kwenye mizani ya omena. Kijani pande zote mbili. Nikaenda ufuoni kwa mama aliyeshika daftari la malipo, nikamwonyesha kwa fahari: mzigo wa saa nane usiku, Jumanne. Akaitikia. Kisha akateremsha kidole hadi mzigo wa saa tano usiku, mashua ya mtu aliyerudi mapema, ambao laptopu na seva zilikuwa zimekubaliana kuuita wa Jumatatu.

"Mwanangu, na huu?"

Nikamwambia, mama, saa tano bado ni Jumatatu.

"Hizi zote ni omena za usiku wa kuamkia Jumanne. Zinaanikwa pamoja, zinalipwa pamoja. Wewe mashua yake umeilipa jana, na jana haikuwa imeingia majini."

Nilirudi kuandika testi upya. Siku ya mizani ile sasa inaanza saa sita mchana.