Plazma Imeganda, Lakini Je, Ni Yeye? Mpangilio wa Vipimo vya Kutambua Bakteria

Mabibi na mabwana, karibuni.

Nianze na tyubu moja ya plazma ya sungura. Jana jioni mmetia humo bakteria, leo asubuhi imeganda. Je, ni Staphylococcus aureus? Naona wengi mnatikisa vichwa kukubali. Subirini kidogo. Kama plazma hiyo ilihifadhiwa kwa sitreti, kemikali inayoifunga kalisi ili isigande, Enterococcus naye anaweza kuigandisha bila kuwa na koagulesi, kimeng'enya cha S. aureus cha kugandisha plazma, hata chembe. Anaila sitreti, kalisi iliyokuwa imefungwa inakuwa huru, na plazma inaganda yenyewe. Kipimo kimefanya kazi yake. Kosa ni la aliyeruka hatua mbili za nyuma. Kila kipimo kina kile kinachopaswa kukitangulia, na leo nitashika hapo hapo.

Cha kwanza kabisa ni rangi ya Gram. Hans Christian Gram, tabibu wa Denmark, aliichapisha njia hii mwaka 1884 akiwa Berlin, alipokuwa akitafuta namna ya kuwaona bakteria ndani ya tishu za mapafu yenye nimonia. Hadi leo ndiyo inayogawa njia panda, na ukikosea hapa, kila utakachofanya baadaye kitakuwa safi, cha makini, na cha bure.

Weka tone dogo la maji ya chumvi kwenye slaidi, gusa koloni kwa ncha tu, changanya na utandaze. Utando ukikauka, uweze kusoma maandishi kupitia kwake. Ukishindwa, ni mzito, anza upya. Uache ukauke hewani ndipo uupitishe juu ya mwali mara 2 au 3. Ukiupitisha ungali mbichi, seli zinachemka na kupasuka. Kisha mwaga kristali vayoleti, sekunde 60, suuza. Iodini, sekunde 60, suuza. Asetoni, sekunde 2 au 3, suuza papo hapo. Safranini, dakika 1, suuza, kausha, tazama kwa lenzi ya mafuta. Zambarau ni Gram chanya, waridi ni Gram hasi.

Hatua inayoharibu kazi ni asetoni. Kristali vayoleti na iodini huungana kuwa chembe kubwa. Gram chanya ana ukuta mnene wa peptidoglikani, wavu wa sukari na protini fupi; humo asetoni inafyonza maji, matundu yanasinyaa, na zile chembe zinanaswa ndani. Gram hasi ana ukuta mwembamba, na utando wake wa nje wenye mafuta unayeyuka, rangi ikatoka. Lakini ukizubaa na asetoni hata Gram chanya atapauka, na kwenye utando mzito Gram hasi atabaki zambarau. Ndiyo maana pembeni ya slaidi hiyo hiyo mnaweka S. aureus na Escherichia coli mnaowajua. Wakitoka na rangi zisizo zao, msisome kitu.

Umri wa koloni nao una neno. Oteshaji uliopita saa 24, au bakteria waliokwisha kuonja antibiotiki, wana kuta zilizochoka; Bacillus na Clostridium ndio mabingwa wa kujifanya waridi. Ukitilia shaka, koroga koloni kwenye tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3, kisha inua kitanzi taratibu. Gram hasi atapasuka na DNA yake itavutika kama ute wa bamia. Gram chanya hatavutika. Sekunde chache tu, nashangaa kwa nini watu wanakisahau.

Kuna ambao rangi hii haiwahusu. Mycoplasma hana ukuta, Treponema pallidum ni mwembamba mno kuonekana hivi, na Mycobacterium ana nta inayoizuia rangi, kwa hiyo yeye anakwenda kwenye rangi nyingine, ya Ziehl-Neelsen.

Sasa tuseme mmeona bakteria wa duara, wa zambarau. Swali linalofuata ni katalesi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi na kutoa mapovu. Tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 juu ya koloni: mapovu ya haraka ni stafilokoka, ukoo wa S. aureus, ukimya ni streptokoka au enterokoka. Tumia kijiti cha mbao au plastiki, kwani waya wenye chuma hutoa mapovu wenyewe. Na msichote agari ya damu, ile jeli yenye damu ya kuoteshea bakteria, pamoja na koloni. Chembe nyekundu zina katalesi yake, na hapo streptokoka atageuka stafilokoka mbele ya macho yenu.

Aliyetoa mapovu ndiye pekee mwenye haki ya kwenda kwenye koagulesi. Tumieni plazma yenye EDTA, kizuia kuganda kingine, badala ya sitreti, muiweke kwenye nyuzi 37, na muisome baada ya saa 1 na kuendelea hadi zitimie saa 4. Mkisubiri kesho yake tu, S. aureus wengine wanatoa fibrinolisini inayoliyeyusha donge, nanyi mtaandika hasi. Isiyoganda baada ya saa 4 ndiyo inayoachwa hadi kesho.

Asiyetoa mapovu anatazamwa kwenye agari ya damu. Ukijani kuzunguka koloni, pamoja na kidonge cha optochini, dawa inayozuia bakteria, cha mikrogramu 5 chenye duara tupu lisiloota kitu la milimita 14 au zaidi, unaelekeza kwa Streptococcus pneumoniae. Kipimo hiki kinasomwa kwenye asilimia 5 ya kaboni dioksaidi. Kwenye hewa ya kawaida duara linapanuka, na streptokoka wengine wa mdomoni wanaweza kupita mlango usio wao.

Kwa bakteria wa umbo la vijiti, waliotoka waridi, nitakwenda haraka. Kipimo cha kimeng'enya cha oksidesi kwanza: kemikali ya kipimo ikigeuka zambarau ndani ya sekunde 10 inamtoa mtu kwenye ukoo wa E. coli na kumpeleka upande wa Pseudomonas au Vibrio. Msichukue koloni kutoka agari za MacConkey wala TCBS, zenye sukari inayochachuka, asidi iliyomo inaharibu jibu; oteshani upya kwenye agari ya virutubisho. TSI, tyubu ya agari yenye sukari tatu inayogeuka njano sukari ikichachushwa, isomwe baada ya saa 18 hadi 24. Mapema mno, hata asiyechachusha laktosi ataonekana wa njano juu na chini. Kwa kuchelewa, njano halisi inaweza kurudi nyekundu.

Mtaniuliza, je, mashine ya MALDI-TOF, inayowatambua bakteria kwa uzito wa protini zao, haijatuondolea haya yote? Imeondoa mengi. Lakini Shigella na E. coli wamefanana kiasi kwamba kwa kawaida haiwatenganishi, na kwa choo chenye damu tofauti hiyo ni kubwa. Mnarudi kwenye vipimo vya laktosi, kutembea, laisini, halafu antisera, majimaji yenye kingamwili zinazowashikamanisha bakteria wa aina fulani.

Kwenye antisera, wekeni tone la maji ya chumvi pembeni. Bakteria wakishikamana humo pia, jibu halisomeki. Na ikiwa vipimo vyote vinasema Salmonella Typhi lakini antisera ya O, inayoshika molekuli za juu ya ukuta wake, haishiki, msimfute bado. Kapsuli yake ya Vi, ganda lake la nje, inaifunika O. Mjaribuni kwa antisera ya Vi, kisha chemsheni mchanganyiko wa bakteria, upoe, mrudie O.